Safari ya Mlimani ya Alfayo Njeru

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika leo na baridi hii, haya ni maisha ya Alfayo Njeru, kama yalivyoandikwa na mjane wake, Gertrude Mumbua, na yanasomwa na binamu yake, Cleopas.

Alfayo alizaliwa tarehe 12 Machi 1934 wilayani Embu, chini ya msitu wa Mlima Kenya, mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzee Ireri na marehemu Mama Wawira. Dada yake yuko hai, mdogo wao alifariki angali mchanga, na kaka yao mkubwa, Nyaga, aliingia msituni mwaka 1953 kupigana na serikali ya kikoloni, wakati wa Hali ya Hatari, asitoke tena, hivyo mpaka leo familia haijui imtaje pamoja na waliotangulia au pamoja na waliobaki.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1943 hadi 1950, akajifunza ufundi wa chuma, akafanya kazi Nairobi, kisha Septemba 1966 akaja Birmingham na kuajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, nyuma ya mtaa wa Digbeth, alikofanya kazi zaidi ya miaka kumi bila ugomvi na mtu. Alifunga ndoa na Gertrude tarehe 14 Desemba 1963, mkewe akamfuata huku mwaka 1968, na Mungu akawajalia Jemima Wawira, aliyezaliwa 1965, na Ireri, aliyezaliwa 1970.

Mnamo Oktoba 1976, akiwa amehamia na familia yake katika jengo refu la ghorofa mtaani Hodge Hill, Alfayo alianza kutoka tena kila alipofika nyumbani kutoka kazini, mgongoni amebeba gunia la viazi, na mkewe hakuambiwa anakwenda wapi. Jirani yao Narinder, Mhindi mzaliwa wa Nakuru, ndiye aliyemsimamisha Gertrude mlangoni akamwambia, “Mama Jemima, bwana yako napanda ngazi na viazi mpaka juu kabisa, halafu nashuka na viazi ile ile. Kama hii ni biashara, iko hasara.” Mwanamke aliyeolewa miaka kumi na mitatu haelezwi maana ya ngazi, kwa hiyo Gertrude alimngojea mumewe avue viatu, akamwuliza, “Huko juu kuna soko au kuna mke?” naye akajibu akihema, “Kuna hewa, Mumbua. Najifunza kupumua.”

Ndipo akaeleza kwamba katika likizo ya kiwanda ya Agosti 1977 angepanda Mlima Kenya kwa siku tano pamoja na msimamizi wake, Bwana Tranter, na kwamba ilimpasa kuzoeza miguu, kifua na mabega. Mkewe alidhani Mzungu anatafuta mchukuzi asiyelipwa, akasema hivyo waziwazi, lakini Bwana Tranter alipokuja kunywa chai, hofu yake ilibadilika, kwa maana mgeni alieleza mahali mianzi inapokwishia, na mto unaovukwa juu ya mti ulioangushwa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kituo cha basi. Gertrude akamwuliza nani aliyemfundisha, akasema alikuwa askari kule mwaka 1954, akaomba sukari. Soksi nzito za sufu ambazo mgeni alimletea Alfayo zilikaa wiki mbili ndani ya mfuko zilimoletwa, kwa sababu Gertrude hakutaka ziguse nguo za watoto.

Usiku wa siku ile ya chai Alfayo alikiri kwamba alikwisha kumwuliza Bwana Tranter habari za Nyaga, wakiwa kantini, akaelezea kovu la kaka yake juu ya jicho, na mwenzake akasema, “Tukifika pale nitakuonyesha.” Mkewe akasema, “Wakipanda wawili, na mmoja ndiye mwenye siri, atashuka nani?” Lakini kwao Alfayo watu huomba wakiuelekea mlima, na yeye aliamini kwamba asemaye uongo kantini hawezi kuusema pale, akamjibu, “Usimsukume. Mtu akisukumwa hudanganya. Acha nimfikishe.”

Basi akaendelea kujitayarisha, Jumapili akitembea vilima vya ng’ambo ya Northfield, akijifunza kuwasha jiko la mafuta ya taa penye upepo, akilainisha viatu vipya kwa kuvivaa nyumbani mpaka Ireri mdogo akampa jina la polisi. Machi 1977 alikaa chini kilimani, akashindwa kuinuka, na Bwana Tranter, aliyekuwa akitembea naye siku hiyo, akamshusha akimwegemeza begani, jambo ambalo mjane halikatai wala halimtoshi. Madaktari walikuta mapafu yamejaa vumbi la miaka mingi, wakamkataza ngazi, na Agosti ikapita akiwa kitandani. Bwana Tranter alimtembelea hospitalini mara mbili na zabibu, Gertrude akamwuliza ukumbini kilichompata Nyaga, naye akasema, “Nilimwahidi yeye, mama, si wewe.” Alfayo alifariki Jumamosi, tarehe 19 Novemba 1977, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Narinder aliyewalisha watoto, wenzake wa zamu waliobeba jeneza, na wote waliochanga na kuomba.

Inamshukuru pia Bwana Tranter, aliyeketi karibu na mlango, na kwa kuwa hajui Kiswahili, anaombwa asiondoke, kwa sababu maisha haya yatasomwa tena sasa hivi kwa Kiingereza, yote, bila kuruka neno, na mjane mwenyewe ndiye atakayesoma. Akimaliza atamwuliza tena, safari hii mbele ya jeneza na mbele yenu, kwa kuwa mlima hautafikika, na yule aliyeahidiwa yuko hapa.

Alfayo, mume, baba na ndugu yetu, pumzika kwa amani; la Nyaga tuachie sisi.