Protini Isiyopenda Maneno ya Mikono

Benchi la doña Rubiela, muuza kahawa, liko mkabala na lango la kitivo cha kemia, mjini Manizales, Kolombia, na anayekunywa kahawa nyeusi hapo hukubali kusemwa. Alasiri hiyo Yolima alikaa na kompyuta mapajani, mbele yake kidude kama kiberiti kinachosoma ishara za mikono. Saa kumi angetetea tasnifu yake. Mashine ikigoma, miaka mitano imekwenda na maji. Akageuza kiganja hewani. Kwenye skrini, protini ya kimelea cha vidonda vya ngozi ikageuka nacho, polepole, pamoja na punje ya manjano ndani yake: dawa anayoitafiti.

— Miaka mitano kujifunza kupunga mkono! — akasema don Evelio, aliyeitwa Kipimo kwa kuwa alitunza maabara hadi kustaafu. — Sisi tuliunda molekuli kwa mipira na vijiti. Ukitaka kuona nyuma, unazunguka meza.

— Mzee, hii ina atomu elfu nne.

— Basi meza kubwa.

Nazario, dereva wa teksi aliyetoroka seminari, ndiyo maana wakamwita Padri, akasogea.

— Dawa inashika wapi, binti?

Yolima akaeleza, mikono nayo ikaeleza. Alipotanua viganja, protini ikafura ikajaza skrini. Alipojipiga kifua kuapa, ikatoweka. Akairudisha.

— Wapi sasa?

— Pale! — Yolima akachongoa midomo kuelekea skrini, kama mjini wote wanavyoonyesha kitu. Mashine ikamkaushia.

— Kaitengeneza mtu anayeongea mikono ikiwa mfukoni, — akasema Kipimo.

— Imeletwa kutupeleleza! — akadakia Padri. — Mke akimfokea mumewe jikoni kwa mikono, ng'ambo huko bomu linalipuka.

— Na wewe ukipiga ishara ya msalaba, Padri, unaumba kirusi.

— Mfungeni kamba mikono huyo msichana, — akasema Rubiela akimimina. — Atafaulu.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Yolima akaiweka picha sawa, akakalia mikono yake, machozi yakimlenga. Ilibaki robo saa.

Mwanamume mgeni, buti zina tope la shambani, sikio limefungwa bendeji, akapokea kikombe, akainama.

— Hiki ndicho kinachonila sikio?

— Ndicho.

— Na hiyo ya manjano ndiyo dawa?

— Ndiyo, kaka.

— Nitaipata lini?

Padri akapekua mifuko kutafuta funguo. Kipimo akachungulia kikombe kitupu.

— Sijui, — akasema Yolima.

Bado alikuwa ameikalia mikono yake. Kwenye skrini protini ilitulia, angavu, na dawa ilionekana vizuri kabisa mahali pake.