Tanzia Isilale: Maisha ya Leodgar Lyamba, 1962–1999

Baba Paroko, wafiwa, majirani wa Mwese, na nyie mliopanda milima hii kutoka Mpanda mjini na Mwamkulu, familia imenituma mimi, mjomba wa marehemu, niwasomee maisha ya huyu tunayemzika leo, Jumatatu tarehe 15 Novemba 1999, nami naomba mnivumilie nikikwama njiani.

Leodgar Lyamba alizaliwa hapa Mwese tarehe 3 Mei 1962, mtoto wa kwanza wa marehemu Alois Lyamba na dada yangu, marehemu Skolastika, na alikuwa darasa la pili ndipo akazaliwa mdogo wake wa pekee, Edgar, ambaye alimbeba mgongoni kila atokapo shule, mpaka watu wakamtania kwamba amemnyang'anya mama yake mtoto. Alimaliza elimu ya msingi hapa mwaka 1976 na sekondari Tabora mwaka 1980, akasomea mitambo ya simu Dar es Salaam, na mwaka 1983 akarudi Mpanda mjini kama fundi wa simu.

Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Recho Nyanzala, binti wa wafugaji wa Mwamkulu, na wakwe zake walipompa ng'ombe achunge siku moja tu, jioni ng'ombe walirudi wenyewe na watu wakaenda kumtafuta bwana harusi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Josephina na Sikujua.

Mwaka 1996 alihamia Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya Intaneti, na mwaka uliofuata, Edgar alipokwenda masomoni Uholanzi, Leodgar alifungua ukurasa alioupa jina la Habari za Nyumbani, na kila Jumamosi alipigiwa simu kutoka parokiani Mpanda akasomewa habari za mvua, asali ya Ugalla, harusi, wagonjwa na misiba, naye akaziandika humo ili wana wa Mpanda walio mbali wazisome. Familia nzima tukakubaliana kwamba habari ya nyumbani inasomwa pale, maana simu ya Ulaya haikuwa ya kupigwa hovyo.

Lakini ukurasa ule ulikuwa mzito, na Edgar alilalamika kwamba akiufungua huenda kuchemsha chai, akirudi anakuta picha ya mzinga wa nyuki bado inashuka mstari kwa mstari. Leodgar, mtu ambaye mkewe alimaliza kuosha vyombo yeye bado anakula, hakuvumilia uzito huo, na mwezi Machi 1998 alieleza kosa lilipo, kwamba seva, yaani ile kompyuta inayotunza ukurasa, ilikuwa inatwanga na kupika upya kwa kila mgeni anayebisha hodi, wakati chakula ni kilekile. Akaipangia ipike mara moja, iweke nakala mahali pa mbele alipopaita kihenge, kama kile cha kuwekea nafaka, na kila msomaji apakuliwe kutoka humo, tena maandishi yabanwe yasafiri yakiwa madogo, yafunguke yakifika. Edgar alimwandikia kwamba sasa hapati hata nafasi ya kuwasha jiko.

Basi, kwa kuwa sisi watu wa Mpanda tumezoea habari kuja kwa wiki, Leodgar aliamuru nakala ikae ndani ya kihenge siku saba kabla ya kupikwa nyingine, na hakuna aliyeona ubaya.

Jumatatu tarehe 10 Agosti 1998 aliandika kwamba mama yao Skolastika, aliyekuwa mgonjwa, hajambo kidogo, akamwaga nakala ya zamani kwa mkono wake ili Edgar aipate ile mpya. Jumatano dada yangu akafariki. Leodgar aliandika tanzia akilia, akakimbilia treni, na kwa machozi yale hakukumbuka kumwaga kihenge, hivyo siku zote za msiba, na hata Jumapili tulipokuwa tunafukia kaburi lake hili hapa jirani, Edgar alifungua ukurasa na kusoma, upesi kabisa, kwamba mama hajambo kidogo. Alifurahi, akatuma barua ya kumpongeza mama.

Alipojua, aliandika mstari mmoja tu, "Kaka, ulinifanya nicheke mama akiwa kaburini," na hakuandika tena.

Leodgar hakujitetea kwa mtu. Aliibadili seva, habari nyingine zikaendelea kukaa kihengeni, ila habari ya kifo ikiandikwa, nakala yote ya zamani imwagwe palepale, na juu ya amri hiyo akaandika kwa Kiswahili, ili fundi yeyote atakayekuja aelewe, maneno mawili, tanzia isilale. Na kila asubuhi aliangalia kwenye seva ukurasa umesomwa kutoka wapi, akiona chuo kile cha Uholanzi alimwambia Recho, "Mdogo wangu kasoma leo," na siku yake ikawa nyepesi.

Mwezi Juni mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa Dar es Salaam, na akamwomba mkewe kwamba akifa habari iwekwe kwanza kwenye ukurasa. Alifariki Jumanne tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, wafanyakazi wenzake walioandika tanzia kabla hawajafuta machozi, majirani mliochimba kaburi na kupika, na wote ambao hatukuwataja.

Leodgar, mwanangu, saa tano asubuhi ile simu ya kazini kwako iliita kutoka Uholanzi. Ijumaa Edgar alishuka uwanja wa ndege, akapanda treni pamoja nawe, akakataa kukaa behewa jingine, na toka Dar es Salaam mpaka Mpanda mkono wake ulikuwa juu ya jeneza lako. Yupo hapa, ndiye atakayetangulia kutupa udongo. Pumzika kwa amani, tanzia yako haikulala.