Nilidhani Naijua Mvua

Wapendwa, nawasalimu. Na dada zetu Waislamu mliokuja leo, asalaam aleikum, karibuni kwenye ushirika wetu hapa Al Rigga. Nimepewa dakika chache, na wanaonijua wameanza kucheka, maana mimi na dakika chache hatujawahi kupatana.

Mnajua mimi ni dereva wa madam mmoja. Mimi ni binti wa Kinangop, Kenya, na kule niliendesha pikapu ya baba miaka sita, shambani hadi sokoni, kwenye tope la kufika magotini. Sikuteleza hata siku moja. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuja Dubai na kiburi kilichohitaji viza ya peke yake.

Mvua ya kwanza ilipotukuta hapa, mume wa madam, sir, alikuwa kwenye ghala lake Jebel Ali. Pikapu yake anayoipenda ilikuwa nyumbani, ile yenye injini inayonguruma mpaka madirisha yanatetemeka, na nguvu yote inakwenda kwa magurudumu ya nyuma. Akapiga simu nimpelekee. "Utaweza, na hii mvua?"

"Sir, mvua ndiyo imenilea."

Barabara za hapa hukaa miezi bila maji, mafuta na vumbi vimelala juu. Mvua ikinyesha, lami inakuwa sabuni. Kwenye mzunguko wa kuingia barabara kuu nikakanyaga mafuta vile nilivyozoea, na mkia wa gari ukataka kunipita. Niliuona kupitia dirisha la pembeni! Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, gari likazunguka mara mbili na kugonga ukingo wa chuma. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, lakini ubavu mzima wa pikapu ulikunjika.

Sir alisema neno moja: "Khalas," yaani imekwisha. Nikanyang'anywa funguo zote, hata za gari la madam, nikawekwa kupiga pasi. Viza yangu ilikuwa imebakiza miezi mitatu, na madam aliniambia wazi kwamba mtu wa pasi anaye tayari. Bila usukani, nirudi kwetu. Niliumia sana. Na niungame, hata ninyi niliwadanganya. Mkiniuliza mbona nakuja na metro, nasema gari liko gereji. Mnacheka, lakini mimi nilikuwa nalia juu ya mashati ya watu, na nikisikia radi tu naziba masikio.

Pikapu ilipotengenezwa, sir akanichukua hadi gereji ya Ras Al Khor nikaisafishe. Fundi wa pale ni mzee wa Kipakistani, amekulia milimani kwenye theluji. Akauliza nani aliigonga. Sir akanionyesha kwa kidole: "Huyu. Anasema mvua imemlea."

Fundi hakucheka. Akaniuliza, kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza, "Sista, kule kwenu, pikapu ilibeba nini nyuma?"

"Viazi."

"Na kurudi?"

"Mbolea."

Akapiga boneti kofi. "Basi viazi ndio dereva!"

Wapendwa, niliona aibu. Uzito wa yale magunia ndio ulioyashikilia magurudumu ya nyuma chini. Gari la sir nyuma lilikuwa tupu. Miaka sita nilijisifu kwa kazi ya viazi.

Hapo nikamgeukia sir, nikasema kitu ambacho sikuwa nimekisema tangu nishuke kwenye ndege. "Sir, gari hili sijui kuliendesha kwenye mvua. Naomba nifundishwe."

Aliupapasa ule ubavu uliotengenezwa. Kisha akamwambia fundi, "Mfundishe. Mvua ijayo nitakaa kando yake mwenyewe. Akishindwa, anaenda kwao."

Ijumaa tatu nilikwenda kwa yule mzee. Alifunga mifuko ya mchanga nyuma, juu ya ekseli, akabadilisha matairi, akamwaga maji ya sabuni kwenye saruji ya uani. Akanionyesha kitufe chenye alama ya theluji kinachotuliza injini. Mimi siku zote nilidhani ni cha AC! Akanifundisha mguu mwepesi. Mkia ukitoroka, achia mafuta, usiguse breki, peleka usukani upande ule ule unakokwenda mkia. Nilizunguka pale mpaka kichwa kikauma. Ijumaa ya tatu kila mkia ulipotoroka niliurudisha.

Mvua ilikuja wiki mbili kabla viza haijaisha. Sir kando yangu, amechelewa kikao Jebel Ali, magari yanatupita. "Yalla, yalla, ongeza!" Ndugu zangu, mtu aliyeshika viza yako anakuambia ongeza.

Nikasema, "Hapana, sir. Hapa siongezi."

Akatazama saa yake. Mbele kidogo, kwenye kona, mkia ukaanza kutoroka. Nikaachia mafuta, nikaufuata kwa usukani, ukarudi. Tulifika tumechelewa. Akashuka, akafunga mlango, kisha akarudi dirishani. "Kesho umpeleke madam."

Namshukuru yule fundi, hakukubali kwangu hata chai. Namshukuru dada mmoja aliyeketi humu, aliyegundua uongo wangu wa gereji na hakuutangaza, akaja kuomba nami. Na sir pia, ndiyo, hata yeye namshukuru, maana aliningoja.

Humu ndani kuna mtu aliyemwambia bosi wake "najua" ilhali hajui. Labda ni mashine, labda ni dawa za mzee anayemtunza. Mimi kusema "najua" kulininyang'anya kazi, na kusema "sijui" ndiko kulikonirudishia. Kesho asubuhi, kabla hujashika chochote, mwambie. Sauti itatetemeka. Wewe sema tu.