Siku Tano za Nguo Kavu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mchungaji wetu, Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walezi wa kituo hiki, ndugu wageni waalikwa wa hapa Mafinga na mliotoka Iringa mjini, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mliokaa hapo mbele kwenye mikeka: kamwene!

Naitwa Sedekia Kalinga, fundi seremala. Nimepewa heshima ya kusema kwa niaba ya wazazi siku hii tunapomuaga Mwalimu Faustina, aliyelea watoto wetu hapa kwa miaka ishirini na miwili na sasa anarudi kwao Ipogolo kupumzika. Waliotangulia wamesifu nyimbo, herufi na hesabu alizofundisha. Mimi nitasema juu ya poti. Ndiyo, mmesikia vizuri. Chekeni tu, maana hata mimi miaka minne iliyopita nililiona jambo dogo.

Mwaka ule mama mkwe wangu alianguka akavunjika nyonga huko Mbeya, na mke wangu Eveline akaenda huko huko, mtaa wa Mwanjelwa, kumuuguza. Nikabaki na binti yetu Tusajigwe, miaka miwili na miezi mitatu. Asubuhi namleta hapa, jioni namchukua nikitoka karakana. Majirani wakaanza: "Mtoto mkubwa hivi bado anavaa nepi?" Nikajiapiza kwamba Eveline akirudi kwa Pasaka atamkuta mtoto anatumia poti. Nilitaka aone kuwa nimeweza.

Ndugu zangu, nilimfundisha kama nilivyofundishwa kazi mimi mwenyewe: kwa amri. Nilimkalisha kwenye poti kabla ya uji na kumzuia asiinuke. Nikimwachia, dakika mbili baadaye anajisaidia sakafuni, tena pale pale nilipotoka kupiga deki. Jumatatu moja, nimechelewa kazini na wateja wananipigia simu, akafanya hivyo. Nikampiga makofi ya paja. Nasema makofi, halikuwa moja.

Tangu siku hiyo sakafu ikawa kavu na nguo kavu. Mkojo aliomba, ile haja nyingine sikuiona, wala sikujiuliza imekwenda wapi. Nikampigia Eveline simu nikijisifu: "Mama Tusa, mtoto amefuzu!" Akapiga vigelegele mpaka mama yake akauliza kuna nini.

Ijumaa Mwalimu Faustina akaniita kituoni haraka. Nilimkuta amempakata Tusa, mtoto anatoka jasho, tumbo gumu kama ubao.

"Baba Tusa, mtoto hajapata choo siku ngapi?"

"Hajajichafua tangu Jumatatu, Mwalimu," nikajibu, tena kwa fahari.

"Sijauliza kujichafua."

 Akanieleza alichokiona: mtoto anajificha nyuma ya mlango, amebana miguu, amekunja ngumi, anasubiri haja ipite. Hayo nilikuwa nimeyaona nyumbani, nikadhani anacheza. Aliponiuliza Jumatatu kulitokea nini, nikamwambia. Hakunifokea. Alimfunga Tusa mgongoni kwa khanga, tukaenda zahanati. Tukapewa dawa ya kulainisha choo, tukaambiwa tumpe maji mengi na papai. Jioni ile Tusa alipata choo kwa kilio ambacho sijakisahau, amemshika shingo Mwalimu. Mimi nilikuwa pale pale, mikono mitupu.

Kisha Mwalimu akasema, "Hiyo poti ifiche. Mrudishie nepi."

"Turudi nyuma kabisa?"

"Mtoto anakuogopa, Baba Tusa. Anabana kwa sababu hajui ukiona utafanya nini. Na kwanza mwombe msamaha."

"Mtoto wa miaka miwili?"

"Si ndiye uliyempiga?"

Nawauliza akina baba mlioko hapa: ni wangapi tumewahi kupiga magoti mbele ya mtoto? Nilipiga magoti, nikamwambia, "Tusa, baba alikosea. Hatakupiga tena."  Aliendelea kupanga vifuniko vyake vya soda, nami nikaona nimepoteza muda.

Pasaka ikafika, bibi hajapona, Eveline hajarudi, na mtoto yuko kwenye nepi. Hapa kituoni Mwalimu alimwacha awatazame wenzake wakienda chooni, bila kumhimiza. Mimi alinifundisha kutomuuliza kila dakika, na kufuta sakafu bila kusonya. Bila kusonya, jamani! Jaribuni muone.

Alhamisi moja jioni, napika ugali, Tusa akaja anaburuta poti aliyoitoa mwenyewe chini ya kitanda. Akasema, "Baba, toka." Nikatoka. Nikasimama nje kwenye manyunyu, ugali unaungua ndani, nami sithubutu kugusa mlango. Aliponiita, nikaingia, akanionyesha, akacheka.

Usiku huohuo nilimpigia Eveline nikamwambia yote, makofi na uongo wa kufuzu.  Akasema, "Ungeniambia tangu siku ile." Neno hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Leo Tusajigwe yuko darasa la kwanza. Jana nilimwomba ruhusa ya kusimulia haya. Akasema niseme, ila nisiseme sana.

Mwalimu Faustina, kazi hii haina cheti wala kikombe, na wengi tuliokuletea watoto wakiwa kwenye nepi hatukurudi hata kuuliza ulifanyaje. Lakini liko jambo moja linalonikosesha usingizi. Siku ile hukunitangaza kwa walezi wenzako. Kwenye vikao vya wazazi ulinipa kiti cha mbele, watu wakaniita baba wa mfano, nawe ukanyamaza. Miaka minne umeitunza aibu yangu. Nimeisema leo kwa mdomo wangu, mbele ya wote, kwa sababu unaondoka, na sikutaka uende Ipogolo umeibeba.

Pumzika salama, Mwalimu. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.