Utomvu wa Mti, Utomvu wa Pipa

Niinueni kidogo, wanangu, mniwekee mto mgongoni, maana maneno haya sitaki kuyasema nikiwa nimelala chali kama mtu aliyekwisha kuaga. Hivyo hivyo. Wewe kaka mtu kaa upande huu, wewe kitinda mimba wangu kaa upande ule, na asinikatize mtu, pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoiona.

Miti ya mpira iliyo nyuma ya nyumba hii aliipanda marehemu baba yenu kabla hajanioa, na siku aliyokuja kuposa viatu vyake vilikuwa na madoa meupe, shangazi yangu akanong'ona kwamba naolewa na mpaka rangi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanja gome kwa mshazari, kwa mkono mwepesi, hadi utomvu uteremke kikombeni mweupe kama maziwa. Tulitia amonia usigande, tukauleta karakana ng'ambo ya barabara, tukachovya humo kalibu za kaure zenye umbo la mkono, tukazikausha, tukanyunyiza unga ili mpira usinate, kisha tukavua glavu. Hospitali ilinunua kwetu, na baba yenu alipopita getini pale alitembea kifua mbele utadhani wodi kaijenga yeye. Alipofariki nikabaki na karakana, wewe kaka ukashika miti, na wewe binti ukawa mkaguzi wetu, unaijaza glavu upepo na kuisogeza shavuni usikie kama inavuja.

Mikono yako ikaanza kuwasha, tukasema ni sabuni. Macho yakavimba, kaka yako akakutania kwamba umepata ugonjwa wa kukwepa kazi, nawe ukacheka kuliko sisi sote.

Kisha ikaja siku ya uchungu wako. Nilikuwa kwenye benchi la korido, na mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nikamsikia mkunga anakuita, "Mama, vuta pumzi, vuta pumzi," mara nikasikia watu wanakimbia. Daktari akatoka, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, akaniuliza, "Huyu anafanya kazi gani?" Nikamjibu, "Anatengeneza glavu." Aligeuka, nikamsikia anapaza sauti ndani, "Vueni glavu! Zote! Na hizo za mezani, toeni nje!" Muuguzi akatoka na boksi, akaliweka chini miguuni pangu bila kujua mimi ni nani. Wanangu, lilikuwa na chapa yetu. Nililitazama boksi lile, na nyuma ya mlango mwanangu hapumui.

Wakampiga sindano, pumzi ikarudi, na mkunga akanawa hadi viwikoni akampokea mtoto kwa mikono mitupu. Daktari akanieleza baadaye kwamba utomvu wa mti una kitu ambacho miili ya baadhi ya watu inakikataa, na unga ule hukibeba hewani, hata asiyeshika glavu anakivuta. Lakini uko utomvu mwingine, unaotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli, huo hauna kitu hicho.

Basi nikaosha karakana ukuta kwa ukuta, nikaagiza mapipa. Wewe kaka ukasimama mlangoni ukaniambia, "Mama, unaingiza petroli kwenye kazi ya baba?" Na wewe binti ukamjibu, mtoto yuko mgongoni, "Ningekuwa na shoka, miti yake ningeilaza yote leo." Tangu hapo mnatumiana salamu kupitia kwangu, nimegeuka posta. Sasa posta inafungwa, mtafanyaje?

Sikiliza, binti. Siku ile kaka yako alikuja hospitali mbio kutoka shambani, utomvu umemkaukia shatini, na daktari akamkataza kuingia. Hakurudi nyumbani. Alikaa nje ya geti hadi kulipokucha, kila muuguzi anayetoka anamsimamisha, "Dada yangu anapumua?" Akaniomba nisikwambie. Leo namkaidi, anisamehe.

Kwa hiyo nawagawia hivi. Karakana ni yako, binti, pamoja na kalibu na majoko ya kukaushia, uendelee na glavu za utomvu wa pipa, na usiruhusu kikombe cha utomvu wa mti kivuke mlango ule, hata akileta mtu unayempenda. Miti ni yako, kaka mtu. Usiikate, usiione imefedheheka. Mtengeneza magodoro anausubiri utomvu huo, na fundi wa soli za viatu, na wenye viwanda vya matairi, kwa sababu kuvutika na kurudi ulivyokuwa, hapo mti bado unalishinda pipa. Nyumba ni yenu wote wawili. Ukitoka shambani, oga, badili nguo, ndipo uingie kwa dada yako, na usidhani anakunyanyapaa. Nawe binti, acha kusema miti ilitaka kukuua. Miti haikujui. Ilikusomesha, na haikujui.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Watakaoniosha wape glavu zako, binti, wasije na nyingine, maana nataka uwemo chumbani, unimiminie maji wewe mwenyewe. Kaka mtu, utanibeba upande wa kichwa. Shati liwe safi, utembee karibu na dada yako. Msiniwekee mpaka hata siku hiyo.

Mungu awape kazi yenye amani... awape vifua vyepesi, mlale na kuamka mkipumua vizuri. Watoto wenu wasiurithi ugomvi huu. Nimewaridhia wote wawili, hakuna niliyembakiza. Radhi yangu ni moja... sikuigawa.

Teremsheni mto. Taratibu. Binti, msogelee kaka yako, usiogope, amebadili nguo, nimenusa sabuni. Sasa semeni nyinyi. Mimi nafumba macho tu... nasikia.