Mama Sekela na Sampuli Namba Mbili

Waombolezaji wenzetu, mliotoka Igamba, Ndalambo na ng'ambo ya mpaka Nakonde, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, familia imenituma mimi Jairo, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya Tabita Nzunda, na mkiniona nasita katikati nivumilieni, kwani huyu alikuwa shemeji yangu wa kutaniana.

Marehemu alizaliwa Igamba, wilaya ya Mbozi, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa nne wa mzee Wiliam Nzunda, mkulima wa kahawa, akamaliza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1985 na sekondari mwaka 1989. Tangu darasa la pili alikuwa akishikwa na homa za wiki mbili mbili, tumbo likimkata, macho yakivimba, na kila mara alimezeshwa kwinini mpaka masikio yakavuma, maana huku kwetu homa ni malaria, basi. Mama yake alifariki kwa homa za namna hiyo mwaka 1987, na wapo waliosema ni mkono wa mtu.

Baada ya mafunzo ya maabara aliajiriwa Ndalambo mwaka 1992, akahamia Tunduma mwaka 2001, na kila homa ilipompanda alijitoboa kidole mwenyewe, akaitazama damu yake kwenye hadubini, akaandika daftarini kwamba hakuna vimelea, mara arobaini na moja, daftari lipo. Alifunga ndoa na kaka yetu Danieli, wakala wa kutoa mizigo forodhani, tarehe 8 Julai 1995, wakajaliwa Sekela mwaka 1996, Severini mwaka 1999 na Ikupa mwaka 2004.

Mwaka 2013 daktari mgeni alilisoma daftari hilo, akamweleza kwamba kwenye chembe za mwili kuna kipokezi cha kinga, mlango unaopokea taarifa ya kuwasha homa na uvimbe, na kwamba huenda wake una kasoro. Damu ikapelekwa maabara ya nje ya nchi, na Februari 2014 majibu yakaja kwamba ni kweli, kasoro yenyewe ni ya kurithi, na figo zimekwisha kuharibika. Tangu hapo Danieli hakuwa na raha, mtoto akipiga chafya tu anamshika paji la uso.

Tarehe 6 Oktoba 2014 Tabita aliwatoa watoto damu kwa mkono wake, na kwa kuwa alijua binti anayetajwa kwa ugonjwa wa ukoo hapati mchumba kirahisi, hakuandika majina, aliandika namba moja, mbili na tatu, wala hakufuata nani kazaliwa kwanza, ili hata anayeijua familia asibahatishe. Danieli alipomwuliza nani ni nani, alimjibu kwamba atamwambia kwa mdomo majibu yakifika, maana karatasi husomwa na watu.

Tarehe 11 Mei mwaka huu figo zilishindwa, akakimbizwa hospitali Mbeya, tarehe 13 akapoteza fahamu, na asubuhi ya Jumanne tarehe 19 akatutoka. Majibu yamefika jana, mwili ukiwa bado chumba cha maiti, namba moja ni salama, namba tatu ni salama, namba mbili ina kasoro. Tumepekua daftari, mkoba, hata kitabu chake cha nyimbo, hakuna kitu. Danieli amekaa hapo mbele na wanawe watatu, na anaogopa kumtazama hata mmoja.

Jumatatu watatolewa damu upya, na kila chupa itaandikwa jina kamili, Sekela ndiye aliyetaka hivyo, na ndiye aliyetaka msomewe haya yote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala matangani, na wafanyakazi wenzake wa maabara walioahidi kuja wenyewe nyumbani na sindano.

Pumzika kwa amani, mama Sekela, hofu tuachie sisi.