Kumuaga Mzee Lazare, Mwenyekiti wa Mihula Miwili

Mheshimiwa Diwani, uliyeacha mapumziko ya Jumamosi yako ukaja kwetu. Mchungaji wetu na mama mchungaji. Wazee watatu wa usuluhishi. Mzee Lazare Kubwimana, mwenyekiti wetu anayemaliza muda wake, pamoja na mama wa nyumbani kwako. Mama Médiatrice, mwenyekiti wetu mpya. Ndugu zetu Wakenya na Wakongo mliotoka Fairfield na hata Campbelltown kwa treni. Akina mama wenzangu mlioko jikoni mnaonisikia kupitia dirisha. Nanyi watoto, ambao najua mnanielewa ingawa mtanijibu kwa Kiingereza: amani iwe kwenu nyote.

Mimi ni Elvire Nahimana, katibu wa chama chetu cha Dufatanye, yaani Tushirikiane. Wengi mnaniita Mama Shirleen. Shule yangu iliishia darasa la saba, kambini, Tanzania. Kwa hiyo kamati iliponituma nimuage Mzee kwa niaba yenu, niliwaambia watafute mtu aliyesoma. Wakanijibu kwamba waliosoma watazungumza mpaka wali upoe.

Naomba nianzie mbali kidogo, Marekani. Dada yangu Concilie, niliyelala naye mkeka mmoja kambini, alipelekwa Ohio, na mimi nikaletwa hapa Blacktown. Alipokuwa anajiandaa kwa mtihani wa uraia, alinifanya mwalimu wake kwa simu. Mimi huku naosha vyombo na kusoma swali, yeye huko anasuka watu nywele na kujibu. Kuna swali moja linauliza: ni kitu gani kinachozuia tawi moja la serikali lisiwe na nguvu kupita kiasi? Jibu lake la Kiingereza lina neno "cheki" ndani yake. Concilie akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni cheki za benki. Kwamba Rais akizidisha ukorofi, wanamnyima cheki. Na mimi mwalimu wake nikampa vema.

Baadaye tulielewa, swali kwa swali, kwamba maana yake ni kuzuiana. Bunge lao lina nyumba mbili, na sheria isipokubaliwa na zote mbili haipiti. Akina mama, nani kati yetu hajui kwa nini? Mtoto akinyimwa na mama si huenda kwa baba? Rais anaweza kuukataa mswada, lakini theluthi mbili za kila nyumba zikishikilia, unapita bila yeye. Rais anamteua jaji, lakini Seneti isipokubali, hakuna jaji. Na jaji huyohuyo, kesho, anaweza kumwambia Rais aliyemteua: hapa umevunja katiba. Jaji hana jeshi. Nguvu yake yote ni kwamba anayeambiwa atatii. Hapo ndipo nilipomuuliza Concilie, sahani mkononi: na asipotii?

Akasema tuendelee na linalofuata. Halikuwa swali la mtihani.

Ndugu zangu, jibu nililipata hapahapa, katika ukumbi huu, mwezi wa tatu mwaka huu, na nililipata kwa aibu yangu mwenyewe.

Miaka sita iliyopita tuliandika katiba yetu kwa Kiswahili, kwa mkono, kwenye daftari, sebuleni kwa Mzee Lazare. Kifungu cha tisa kilisema mwenyekiti atakaa mihula miwili ya miaka mitatu, asizidi. Kilisomwa kwa sauti, mikono ikainuliwa, kikapita. Ili chama kisajiliwe, ilihitajika nakala ya Kiingereza, na kazi hiyo nikapewa mimi niliyekuwa naanza masomo TAFE, chuo cha ufundi. Shirleen alikuwa na miezi miwili, na homa. Nilimnyonyesha kwa mkono mmoja, nikaandika kwa mwingine. Ukurasa wa tano ukabaki ndani ya mfuko wa nepi. Nakala ikaenda, ikapigwa muhuri, ikarudi, na hakuna aliyegundua, kwa sababu nani kati yetu anasoma katiba kwa Kiingereza kwa kujifurahisha?

Ishmael anasoma. Ndugu Ishmael, naona unainama. Usiiname, ulitumia haki yako. Katika mkutano mkuu alisimama akaomba Mzee aendelee muhula wa tatu. Akataja misiba yetu yote ambayo Mzee alisimama nayo, na ukumbi huu ambao Mzee aliupata baada ya kuandika barua kumi na moja. Makofi yalipigwa, nami nilipiga. Kisha nikafungua daftari nikasoma kifungu cha tisa. Ishmael akafungua nakala yenye muhuri. "Mama Shirleen," akaniambia kwa upole, "nionyeshe basi. Kiko wapi hapa?"

Nilipekua mara mbili. Ikabidi niwaambie wote, mtoto akinivuta sketi, kwamba kosa ni langu. Mtu mmoja nyuma akasema basi ni Mungu aliyekificha, watu wakacheka, nami nikatamani sakafu inimeze. Wazee wa usuluhishi wakatoka nje, wakarudi, wakasema ukweli wao: karatasi yenye muhuri imenyamaza, na sisi hatuwezi kumlazimisha mtu kwa daftari.

Fikirini alichokuwa nacho Mzee saa ile. Kiti kilikuwa chake, makofi yalikuwa yake, na sheria iliyosajiliwa haikumkataza kitu. Sisi tunaotoka kule tunakotoka tunajua muhula wa tatu unavyoanza. Huanza hivyohivyo, kwa makofi. Nilimtazama nikaogopa, kwa sababu nampenda kama baba, na sikutaka kuanza kumwogopa.

Mzee akavua miwani. Akasema: "Ishmael, mwanangu, siku kifungu kile kiliposomwa, mimi niliinua mkono. Sijaushusha mpaka leo."

Akaongeza kwamba yeye ataondoka kwa hiari, lakini hataki anayekuja baada yake ategemee hiari. Basi turudishe ukurasa wa tano kwa kura, kabla ya uchaguzi, kwa theluthi mbili. Tukaurudisha. Na Ishmael ndiye aliyekisahihisha Kiingereza changu.

Nilimpigia Concilie siku ileile. Naye akanikumbusha jambo alilojifunza: Rais wa kwanza wa Marekani alimaliza mihula miwili akarudi shambani kwake, na hakuna karatasi iliyomlazimisha. Kwa zaidi ya miaka mia moja na arobaini hakuna aliyeipita desturi ile, hadi mmoja akachaguliwa mara nne. Baada yake ndipo wakaandika kwenye katiba: mara mbili, basi. Wao walisubiri hadi desturi ivunjwe. Mzee wetu ametuandikisha ikiwa bado nzima.

Asubuhi hii Shirleen aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama Babu Lazare amefukuzwa kazi. Nikamwambia hapana, amemaliza. Hakuona tofauti. Ataiona, kwa sababu atakulia ndani yake.

Mama Médiatrice, tunakupenda, na kwa kuwa tunakupenda tutakuhesabia miaka. Usituchukie. Ukikosea tutakwambia, na tukikosea utuambie, na tukishindwana wazee wale watatu wapo.

Mzee Lazare, zawadi yako iko pale mezani, ni blanketi, nasi tunajua haitoshi. Humu ndani wamo watu waliokimbia nchi mbili kwa sababu ya watu waliokataa kuachia kiti. Leo, kwa mara ya kwanza katika maisha ya wengi wetu, tumepika, tumevaa vizuri na tumekusanyika kwa sababu kuna mtu aliyekubali.

Nawashukuru kwa utulivu wenu na masikio yenu. Karibuni chakula, Mzee atangulie.